Nimeitwa kazini Masaki, Dar, kwa mshahara wa 1,200,000, familia iko Mafinga. Nihame nayo au nitangulie?

Mbao_Mufindi (mleta mada)

Wakuu salaam.

Nina miaka 36, mke na watoto watatu: wa darasa la nne, wa darasa la kwanza na wa miezi minane. Nafanya uhasibu kwenye kampuni ya mbao hapa Mafinga, mshahara laki nane kabla ya makato. Sasa nimepata nafasi Dar, ofisi iko Masaki, wananipa 1,200,000. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Maisha yangu hapa ni haya. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, ina uzio na choo cha ndani, 120,000 kwa mwezi. Mahindi na maharage hatununui, yanatoka shambani kwa wazee. Mkaa siyo tatizo. Watoto wanasoma shule ya serikali, wanaenda kwa miguu, na mimi kazini naenda kwa miguu. Mke wangu ana cherehani mbili na binti wa kumsaidia, anashona sare za shule na vitenge. Akishatoa kodi ya fremu na hela ya binti anabaki na kama laki mbili kwa mwezi, Januari zaidi.

Nyongeza ya laki nne naiona kubwa. Ila shemeji yangu anayeishi Dar kaniambia kwa watoto watatu nitakuwa naomba watu hela ya umeme wa LUKU.

Naomba kujua nikae wapi ili nisiumie, na kama ni busara kwenda na familia moja kwa moja au nitangulie. Aliyepita njia hii aniambie hela yake ilikuwa inaishia wapi. Nawasilisha.

Kidagaa wa Kimara

Shemeji yako mtumie hela ya LUKU kwanza, halafu muulize upya. Inawezekana alikuwa anaomba.

Mzee wa Makato

Mkuu, wewe mhasibu lakini umejumlisha kabla ya kutoa. Ngoja nikuwekee.

Kwenye laki nane: NSSF, mfuko wa pensheni, 10% ni 80,000. Inabaki 720,000 ndiyo inayotozwa PAYE, kodi ya mshahara. Ya kwanza 270,000 haina kodi, 250,000 inayofuata ni 8%, yaani 20,000, na 200,000 iliyobaki ni 20%, yaani 40,000. Jumla kodi 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, na hujamaliza kulipa, wanachukua 15% ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi 540,000.

Kwenye 1,200,000: NSSF 120,000. Inayotozwa kodi ni 1,080,000, PAYE inakuja 152,000, maana ukivuka milioni moja unaingia kwenye 30%. HESLB 180,000. Mkononi 748,000.

Kwa hiyo laki nne unayoiona kubwa ni 208,000. Bima ya afya sijaigusa.

Waulize pia 1,200,000 imegawanywaje. HESLB wanakata kwenye mshahara wa msingi, siyo kwenye posho. Kama sehemu ni posho ya nyumba, makato ya bodi yanapungua na wewe unapumua.

Mama Twins Tegeta

Mzee wa Makato kamaliza, mimi naongeza kimoja ambacho wanaume wote humu mnakiruka. Mleta mada, mkeo analeta laki mbili. Ukimtoa Mafinga, wateja wake wanabaki Mafinga. Shule zinazomjua zinabaki Mafinga. Nyongeza yako ni 208,000 na unamzimia biashara ya 200,000. Umepata shilingi elfu nane, kaka yangu, na bado hujalipa kodi ya nyumba ya Dar.

Nakupa na matumizi yangu, familia ya watu watano kama yako, Tegeta, nyumba ya vyumba viwili. Kodi 250,000. Chakula nikijibana 10,000 kwa siku, na hapo nanunua mchele na maharage kwa jumla Tandale, siyo dukani kwa Mangi. Ukianza kununua mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo kila jioni, hiyo elfu kumi inakuwa elfu kumi na tano na hujala nyama. Mtungi wa gesi wa kilo 15 unakaribia elfu sitini na kwangu unakaa mwezi na siku chache, maharage nachemshia mkaa. Maji ya DAWASA yapo, yakikatika tunanunua kwa dumu, na siku ya kufua madumu kumi ni kidogo. Hapo sijataja pampas za huyo wa miezi minane.

Umeme usiulinganishe na wa huko. Kama mlikuwa kundi la watumiaji wadogo, elfu kumi ilikuwa inawasogeza mwezi mzima. Huku nyumba ikiwa na friji na feni mbili umeshatoka kundi hilo, elfu kumi ni uniti 28. Na feni Dar siyo anasa, mtoto mchanga Februari bila feni hamlali. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi. Ni ya mwenye nyumba, ila anayeweka umeme ni wewe. Mwambieni airudishe mapema, baadaye anakuwa mkali.

Pambana Mwanaume

Dar hakuna anayekufa njaa. Njoo upambane, fursa ziko huku. Mnamtisha kijana wa watu.

Mama Twins Tegeta

Pambana Mwanaume, wewe unalea wangapi?

Pambana Mwanaume

Sina mtoto bado.

Mama Twins Tegeta

Sawa baba.

Kondakta Mstaafu

Nimefanya kazi barabara za Dar miaka mingi, nizungumzie mahali pa kukaa.

Masaki iko kwenye rasi, kila anayekwenda huko asubuhi anabanwa kwenye njia zile zile chache. Usidanganyike na kodi ya Chanika. Utapata nyumba nzima kwa 130,000 hadi 150,000, kweli, lakini kutoka Chanika hadi Masaki ni gari mbili au tatu, utaamka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Watoto utawaona Jumapili. Nauli ukiunganisha inapita elfu tatu kwa siku, ukipitiwa na usingizi ukachukua bodaboda siku mbili tatu, ile nafuu ya kodi imekwisha.

Mbezi na Kimara ni afadhali kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi. Unapanda Kimara, unashuka Morocco, unachukua daladala ya Masaki. Foleni ya abiria pale Kimara asubuhi ni ya kusukumana, jua hilo. Nyumba ya familia upande huo ni 200,000 kwenda 250,000, ukiingia ndani kutoka barabarani inashuka ila unaongeza boda.

Kigamboni nayo wengi wanaisahau. Panton mtembea kwa miguu ni 200 tu na kodi siyo mbaya. Kivuko kikiharibika ndiyo balaa, na ukishashuka Feri bado una gari ya Masaki.

Sinza, Mwenge na Mikocheni sahau kwa mshahara huo ukiwa na watoto watatu. Vyumba viwili na sebule ni laki nne, na wanataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo ni 2,400,000 kabla hujaweka kitanda. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, tena anakudai hela ya kukuonyesha hata nyumba usiyoitaka.

Bondeni Msasani

Watu wanafikiri upande ule wote ni wa mabalozi. Nani anawafulia na kuwalinda? Sisi tuko Msasani hapa hapa, uswahilini kabisa. Chumba kimoja cha umeme wa kuchangia ni 80,000 hadi 120,000 na unatembea hadi kazini au unapanda gari moja. Kwa mtu anayetangulia peke yake hakuna pazuri zaidi. Kwa familia hapana, vyumba vidogo na choo cha kuchangia. Na ukija kutazama chumba Bonde la Mpunga, njoo masika. Kiangazi kila chumba kinapendeza.

Mbao_Mufindi

Nashukuruni. Nimeongea na watu wa rasilimali watu. Mshahara wa msingi ni 900,000, na 300,000 ni posho ya nyumba. Nimepiga: bodi inachukua 135,000 badala ya 180,000, mkononi inakuja 793,000. Bima ya familia wanalipa wao.

Mama Twins, hesabu yako ya elfu nane nimemsomea mke wangu, kacheka sana, sasa kila nikifungua mdomo ananiambia "elfu nane". Mwenyewe anataka tuhame. Anasema Mafinga wateja wa kushona wana mwisho.

Wazo nililonalo ni kupanga chumba Msasani, wao wabaki mpaka shule zifungwe Desemba.

Mzee wa Makato

Sasa fanya hesabu ya nyumba mbili, maana ndiyo inayowaua waliotangulia. 793,000. Chumba 100,000. Kula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni hata ukijibana ni 6,000 kwa siku, weka 180,000. Umeme, maji, vocha, nauli ndogo ndogo, 60,000. Kwenda Mafinga mara moja kwa mwezi, basi kwenda na kurudi weka 70,000. Inabaki 383,000 ya kutuma nyumbani. Leo familia inaishi na 540,000 yako na laki mbili ya mama. Kweli mdomo mmoja umepungua mezani, lakini haukuwa unakula 157,000.

Kwa miezi mitatu minne inabebeka. Kwa mwaka, mkeo ndiye atakayekuwa anakulipia wewe kukaa Dar.

Kwa hiyo acha kwanza kuuliza ukae wapi. Uliza kwa nini unasaini 1,200,000. Hujasaini bado, na hapo ndipo una nguvu. Mwambie mwajiri kinagaubaga: nahama mkoa, familia ya watu watano. Kama mshahara hausogei, aombwe vitu viwili. Gari ya kubeba mizigo alipe yeye, na ile posho ya nyumba ya miezi sita aitoe kwa pamoja mwanzoni, awe anaikata kidogo kidogo. Haimgharimu sana, na inakuokoa na wale wakopeshaji wa kausha damu. Nimeona walimu wangapi wamelipa kodi ya nyumba kwa mkopo wa riba ya kila wiki, mshahara ukaisha tarehe mbili.

Ticha Kinyerezi

Kuhusu shule. Ada ya shule za msingi za serikali hakuna, lakini usije na sifuri. Kuna michango ya chakula na masomo ya ziada, na darasa la nne kuna mtihani wa taifa, kwa hiyo mwanao usimhamishe katikati ya mwaka huu. Amalize na wenzake, ahame Januari. Uhamisho unafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa taarifa za wanafunzi, PReM: mwalimu mkuu wa huko aanzishe, wa huku apokee. Usije na barua tu mkononi ukadhani imeisha. Tafuta shule yenye nafasi kabla ya kulipa nyumba. Nimeshuhudia mzazi kalipa miezi sita, halafu shule ya jirani imejaa, mtoto anapanda daladala. Nauli ya mwanafunzi ni 200, ila konda kumpakia mwanafunzi asubuhi ni huruma yake.

Shule za mchepuo wa Kiingereza kwa mshahara huo, watoto wawili, msijaribu kwa sasa.

Mdau wa Ilala

Gunia la mahindi la wazee usiliache. Lipakie kwenye basi au lori la mbao, saga huku. Unga wa dukani ndio unamaliza watu.

Mbao_Mufindi

Malori ya mbao yanakuja Dar kila siku, hilo la mahindi halina shida kabisa.

Nimewaandikia leo asubuhi. Mizigo wamekubali kulipa. Posho ya nyumba kwa mkupuo wamesema wanaweza kutoa ya miezi mitatu, siyo sita. Mshahara wamegoma, wanasema utaangaliwa baada ya miezi sita ya majaribio, na nimewaomba waliandike hilo kwenye mkataba.

Nikipata mwenye nyumba wa kupokea miezi mitatu upande wa Kimara au Tegeta, familia inakuja Januari. Nisipopata nakaa Msasani mpaka majaribio yaishe, na kama mshahara haukuongezwa narudi kwenye mbao. Mke wangu kakubali kwa sharti moja: asije kukaa ndani. Kuna mtu anajua fundi cherehani Dar anaanzia wapi? Fremu nasikia nazo ni miezi sita.

Mama Twins Tegeta

Wenye nyumba wa miezi mitatu wapo, hasa nyumba isiyo na rangi au iliyo mbali kidogo na lami. Pita mwenyewe mtaani ukiulizia kwa mama wa genge na mjumbe, siyo dalali. Mjumbe anajua nani anahama kabla ya dalali.

Fundi Mwenge

Asipange fremu mwaka wa kwanza. Mafundi wengi huku tunakodi nafasi ya meza: cherehani yako, umeme tunachangia, mteja wako ni wako. Mimi nalipa 40,000 kwa mwezi bila kutanguliza miezi sita. Kama anashona sare aje kabla ya shule kufunguliwa, Desemba yote ni sare na kazi nyingine tunazikataa. Madera na magauni ya vitambaa vya harusi yanalipa zaidi ya vitenge, ila ajue kumalizia kingo za ndani kwa overlock safi, wateja wa Dar wanageuza nguo ndani nje kabla ya kulipa. Cherehani zote mbili aje nazo, moja asiuze. Akiwa tayari nicheki PM, mwenzetu mmoja anajifungua Novemba na meza yake itakuwa wazi mpaka Machi.