Knoxville hadi Columbus tarehe 21: gari, ndege, au tubaki nyumbani?

Kijana_wa_Neyland | Jumanne 10 Desemba 2024, saa 2:14 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Tangu Jumapili ilipotangazwa kwamba timu yetu ya chuo, Tennessee, ni ya 9 na tunakwenda Columbus kwa Ohio State walio wa 8, akili yangu haiko kazini. Mechi ni Jumamosi tarehe 21, saa 2 usiku. Kwa mliojiunga juzi na futiboli hii ya vyuo vya Marekani: huu ndio mwaka wa kwanza mtoano una timu 12 badala ya 4, na raundi ya kwanza inachezwa kwenye uwanja wa chuo chenyewe, kwa yule aliye juu. Yaani nafasi moja tu ndiyo iliyotunyima kuwakaribisha hapa uwanja wetu wa Neyland. Moja! Ile 19-14 tuliyofungwa na Arkansas mwezi wa kumi bado inaniuma kama jino.

Nina dola 300, tiketi kando. Njia ninazoziona: kuondoka Jumamosi asubuhi na Corolla yangu na kurudi usiku uleule, au kwenda na kulala, au ndege, au kubaki hapa, kuangalia kwenye televisheni na kutunza hela za Pasadena, California, maana mshindi anakwenda kukutana na Oregon pale uwanja wa Rose Bowl tarehe 1 Januari. Mliowahi kuifuata timu ugenini nipeni ukweli, msinifurahishe.

BabaNeema865 | saa 2:31 usiku

Umesahau njia ya tano, kumuuliza mkeo.

Dereva_Masafa | saa 3:05 usiku

Mdogo wangu, barabara hiyo naijua kama njia ya msikitini. Ni maili 355 hivi, yaani kilomita 570. Saa tano na nusu kama hamna kituko, ila wiki ya Krismasi weka saa saba.

Unashika barabara kuu ya 75 kwenda kaskazini. Mlima wa Jellico pale mpakani na Kentucky ndio wa kuuheshimu: kona, mteremko, malori, na ukungu unaoshuka bila hodi. Baada ya hapo Kentucky ni ya kusinzia. Corbin (hapo ndipo yule mzee wa kuku wa KFC alipoanzia, kama hukujua), London, halafu Richmond kuna kituo kikubwa cha mafuta cha Buc-ee's. Wanasema choo kisafi, mafuta kwa bei ya haki. Mimi sijawahi kuingia, malori makubwa hawayataki, nimeishia kuona watu wanatoka na mifuko ya karanga. Lexington, Florence, kisha unavuka mto Ohio kwa daraja la Brent Spence. Daraja lile ni la 1963 na linabeba barabara za 75 na 71 kwa pamoja. Ukilifika saa 10 jioni utalilaani. Ng'ambo ya pili shika 71 mpaka Columbus.

Mafuta: kwenda na kurudi ni maili 710. Corolla ikila galoni moja kwa maili 30, unahitaji galoni 24. Kwa dola 3 ni kama dola 72. Mkiwa wanne, 18 kila mmoja. Hakuna ndege itakayoshindana na hiyo.

Lakini kurudi usiku uleule sikushauri hata kidogo. Mechi ikianza saa 2, itakwisha saa 5 na nusu. Kutoka maegeshoni, saa 6 na nusu. Utafika Jellico alfajiri saa 11 ukiwa umeshapiga kelele usiku kucha. Mimi nalipwa kuendesha usiku na bado huwa naegesha nilale.

Njoro_Nashville | saa 3:40 usiku

Msikize huyo mzee. Mimi niliendesha mwezi jana kutoka Athens, Georgia baada ya kuchapwa 31-17. Niliambia wenzangu niko sawa, niko fiti, lala tu. Huko milimani karibu na Chattanooga nikashtukia matairi yanalia kwenye ile mikwaruzo ya pembeni. Sikuwa nimefunga macho, ama nilikuwa nimefunga, sijui. Tuliegesha kwa petrol station, tukalala kwa gari hadi jua likatoka, hakuna mtu aliongea. Na ujue ukipoteza mechi usingizi unakuja mara mbili.

Kwa hivyo hiyo option ya kwanza, futa.

MamaTausi | Jumatano 11 Desemba, saa 12:20 asubuhi

Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote kwenye basi. Nilijaribu ndege jana usiku kwa udadisi. Nilizoziona mimi zote zinakupeleka Charlotte au Atlanta kwanza, halafu ndiyo unarudishwa juu Ohio. Ukijumlisha kufika uwanja wa ndege mapema na kusubiri katikati, unatumia muda uleule wa gari, kwa bei ya gari nne. Na ikiahirishwa kwa theluji unaiangalia mechi kwenye simu ukiwa umekaa sakafuni Charlotte. Hapana.

Aline_Buja | saa 1:02 asubuhi

Bwakeye. Mimi natetea njia ya nne maana naona hakuna anayeitetea. Sisi Warundi wa hapa Knoxville tutakutana kwa shemeji yangu, kuna skrini kubwa, mishikaki, ndizi, watoto wanacheza chini. Utamwona Nico, kwotabeki wetu, anavyorusha mpira karibu kuliko aliyelipa mamia kukaa juu kule kama kunguru. Joto lipo, choo hakina foleni. Ukiokoa dola 300 tarehe 21, una mwanzo wa tiketi ya Pasadena. Pasadena ni mbali, zaidi ya maili 2,000 kwa barabara, huwezi kuamua tarehe 22 asubuhi ndio unatafuta hela.

Kijana_wa_Neyland | saa 1:30 asubuhi

Dada Aline hoja yako ina uzito, nimeitafakari nikinywa chai. Lakini ina shimo. Pasadena ipo tu kama tukishinda Columbus. Columbus ipo tayari.

Mzee_Kijiweni | saa 2:11 asubuhi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana yuko sahihi.

Halafu kuna jambo ambalo nyie vijana hamlijui. Timu hizi mbili zimewahi kukutana mara moja tu katika maisha yao yote, Orlando, tarehe 1 Januari 1996. Tennessee 20, Ohio State 14. Kwotabeki wetu alikuwa Peyton Manning, na upande wa pili alikuwepo Eddie George aliyetoka kupewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Miaka karibu 29! Na kwenye uwanja wao hatujawahi kukanyaga. Mambo ya namna hii hayaji kila Desemba. Ningekuwa na magoti ya zamani ningekwenda kwa miguu.

Mswahili_wa_Columbus | saa 6:47 mchana

Hodi hodi. Nimeonyeshwa mjadala huu na binamu yangu wa Knoxville. Mimi niko upande wa adui, nyekundu na kijivu za Ohio State damuni, lakini mgeni ni mgeni, acha niwaambie ya huku.

Baridi kwanza. Najua na nyinyi mnayo, lakini huku usiku wa Desemba unashuka chini ya sifuri, na uwanja uko kando ya mto Olentangy, upepo unaingia ule upande wake wa wazi. (Unaitwa Horseshoe, yaani kiatu cha farasi, kwa umbo lake. Ulifunguliwa 1922 na unaingiza watu 102,780. Wenu unaingiza 101,915, nimehesabu, tunawazidi. Na zile boti mnazojia mechi huko kwenu muache nyumbani, Olentangy kina chake ni cha bata.) Mabenchi ni ya chuma. Njooni na vipande vya kadibodi, kimoja cha kukalia na kimoja cha kukanyagia, kwa sababu baridi haianzii kichwani, inapanda kutoka kwenye zege. Soksi mbili, nyembamba ndani na za sufu nje. Vile vifuko vya kupashia mikono joto nunueni huko huko, hapa vitakuwa vimeisha. Begi liwe la plastiki linaloonyesha ndani, jingine mtarudishwa getini.

Tiketi. Mgao wa wageni utaliwa na wafadhili wenu na wenye tiketi za msimu, msiutegemee. Tazameni zinazouzwa upya. Kuna wenyeji wengi wanauza, na sitaficha sababu: Michigan walikuja hapa tarehe 30 Novemba wakatufunga 13-10, mara ya nne mfululizo, na watu bado wamenuna. Wanafunzi nao watakuwa wamekwenda likizo. Ila usinunue upande wa kusini, huko ndiko kwa wanafunzi na mtasimama mechi nzima mkitukanwa. Kama mnaweza kuchagua, ghorofa ya B nyuma nyuma. Hutaona vizuri ubao mkubwa kwa sababu ya paa la C, lakini paa hilo hilo linakukinga upepo. Ghorofa ya C ni ya bei nafuu, na utajua kwa nini.

Gari msilipeleke karibu na uwanja. Egesheni mbali, mpande basi la COTA linalopita High Street.

Njoro_Nashville | saa 7:15 mchana

Huyu adui ako na roho safi kuliko marafiki wangu.

BabaNeema865 | saa 7:22 mchana

Anataka tuje tufungwe mbele yake.

Mswahili_wa_Columbus | saa 7:25 mchana

Na hilo pia.

MamaTausi | saa 9:50 alasiri

Kaka, na chakula? Mimi silali njaa kwa ajili ya mpira.

Mswahili_wa_Columbus | saa 10:08 jioni

Dada, hapo umegusa penyewe. Columbus ni mji wa Wasomali. Panda Cleveland Avenue au Morse Road, utapata wali wa mbuzi, sambusa, chai ya maziwa yenye iliki, na watu watakaokujibu Kiswahili kwa sababu walilelewa Mombasa, Nairobi au Dadaab. Kuleni saa 9 mchana mkishiba, msingoje vya uwanjani. Nyama za kuchoma maegeshoni pale Lane Avenue zipo, ila ukivaa ile rangi yenu ya chungwa utapewa maneno kwanza ndiyo upewe soseji.

Kijana_wa_Neyland | saa 1:33 usiku

Ndege imekufa, kurudi usiku kumekufa. Dada Aline, nyumba ya shemeji naiweka akiba kama tiketi zikipaa. Imebaki kulala wapi. Nimetazama hoteli za karibu na chuo, nikafunga simu.

Dereva_Masafa | saa 2:02 usiku

Msilale Columbus. Malizeni mechi, teremkeni 71 saa mbili tu mpaka Florence, Kentucky. Mtaliona tangi la maji lililoandikwa kwa herufi kubwa kabisa, haliwezi kukupita. Pale kuna moteli za madereva na mashabiki wengi hawafikirii kufika huko. Tena mnakuwa mmeshavuka daraja usiku, hakuna gari. Asubuhi mnaamka, mnakula, Jellico mnaipita mchana na macho yenu mawili.

Njoro_Nashville | saa 2:10 usiku

Saa mbili baada ya saa sita na nusu bado ni usiku wa manane, mzee. Sheria moja: anayeshika usukani kutoka Columbus asishinde mchana akipiga kelele, alale mchana kabisa. Mmoja wenu alale kiti cha nyuma kuanzia Lexington hadi Columbus. Huyo ndiye wa kurudisha.

Mswahili_wa_Columbus | saa 3:19 usiku

Nimezungumza na mama watoto. Sebuleni kuna makochi mawili na godoro moja la wageni. Watu wanne wanatosha, bure. Sharti letu ni kwamba rangi ya chungwa inavuliwa mlangoni pamoja na viatu.

BabaNeema865 | saa 3:21 usiku

Na tukishinda?

Mswahili_wa_Columbus | saa 3:22 usiku

Mkishinda Florence ni pazuri sana, nimesikia wana tangi la maji.

Mzee_Kijiweni | saa 3:40 usiku

Hahaha. Chukueni makochi. Na msiende mikono mitupu kwa watu, bebeni kitu cha watoto.

Kijana_wa_Neyland | Alhamisi 12 Desemba, saa 1:05 asubuhi

Nimeamka na jibu, na mke ameridhia (BabaNeema, ulikuwa na haki, ndiyo ilikuwa njia ngumu kuliko zote). Tunaondoka Jumamosi saa 12 asubuhi ili daraja la Cincinnati tulipite kabla ya saa 6. Wali wa mbuzi Cleveland Avenue. Tunalala kwa kaka wa Columbus, tukishinda au tukishindwa, na nitavua jezi mlangoni. Jumapili tunarudi mchana. Tiketi mbili nimeshazipata ghorofa ya B, mstari wa nyuma. BabaNeema anatafuta ya kwake hukohuko. Njoro anatoka Nashville Ijumaa jioni, analala kwangu, na ndiye atakayelala njiani kuanzia Lexington.

Imebaki nafasi moja, kiti cha nyuma, pale atakapobakisha Njoro akijinyoosha.

MamaTausi | saa 1:09 asubuhi

Nina miguu mifupi. Ni yangu. Nimeshabadilishana zamu.

Aline_Buja | saa 1:15 asubuhi

Haya nendeni. Mkionekana kwenye skrini mtupungie mkono, tutawaachia mishikaki kwenye friji.