Kaka anasafishwa damu mwaka wa pili, rufaa ya kupandikiza figo hatupewi

Mpita Njia: Wakuu habari za jioni. Kaka yangu yupo kwenye mashine jumatatu jumatano ijumaa, masaa manne manne, mkono waliomuunganisha mishipa ukiugusa unavuma kama friji. Sasa kuna mzee kaanza juzi tu na tayari ana rufaa ya Dodoma, sisi kila tukiuliza tunaambiwa subirini. Ni hela au ni kujuana?

Bi Tangawizi: Pole mdogo wangu. Mama yangu alisafishwa miaka mitatu na hakuna aliyetuambia figo inapandikizwa hapa hapa nchini, Muhimbili wameanza 2017, sisi tunakuja kusikia kwenye redio tumeshazika. Ombeni majibu kwa maandishi. Na chumvi aache.

Fundi Rejeta: Kujuana tu hiyo. Mimi kitambulisho cha NIDA nimesotea mpaka picha yangu imezeeka

Nesi Mstaafu: Kuna kitu hujasema. Kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai, hakuna foleni ya figo za marehemu. Huyo mzee alienda na mtu. Nyie mmempeleka nani kupima?

Mpita Njia: Hayo ni ya familia ndo maana sikuyaweka. Mdogo wetu wa kike alijitokeza, grupu O, tukakaa kikao tukaona hapana, ana miaka 26 hajaolewa, nani ataoa mwenye figo moja na kovu? Mimi nina presha. Kiwanja kishapata mteja, tutaenda India.

Nesi Mstaafu: India mtafika na figo ya nani, ipo kwenye begi? Na mwenye figo moja anazaa, anafuatiliwa tu kwa karibu akiwa mjamzito. Daktari anajua habari ya huyo binti?

Mpita Njia: Tulimwambia hajajitokeza mtu. Tulikuwa tunamlinda.

Mzee wa Site: Ngojeni kwanza. Mwezi wa nane huyu huyu alileta uzi wa mirathi akasema kwao kazaliwa peke yake. Leo ana kaka, ana dada. Chai hii, tena ya maziwa

Fundi Rejeta: 😂😂 vitumbua viko wapi

Mpita Njia: Kwa mama nipo peke yangu, hawa ni baba mmoja. Msinichoshe.

Bi Tangawizi: Na hiyo presha ulipimiwa hospitali au kikaoni?

Mpita Njia: Ijumaa nampeleka kwenye mashine, nitamuuliza daktari habari ya rufaa. Ya binti tutaona.

Fundi Rejeta: Kiwanja kina hati?