Tupeane uzoefu: Kubadilisha kabureta ya mashine ya kukatia nyasi ya kukalia

Wakuu, kwenye hizi mashine za kukalia watu wengi wanauziwa kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) isiyo yake kwa sababu tu inafanana. Naanza na ya kwangu, na wengine mshushe zenu.

Yangu ilikuwa inatulia ukivuta choki (kizuizi cha hewa) nusu. Ukiirudisha tu, resi inapanda na kushuka yenyewe. Hapo ujue mafuta ni machache mno kwa hewa inayoingia. Nikasafisha jeti (vitundu vinavyopitisha mafuta), ikapata nafuu, halafu ikarudia yale yale. Kushika mhimili wa throto (kibati kinachofungua na kufunga resi) kwa vidole, unacheza! Tundu lake limelika na hewa inapenyea hapo, kwa hiyo hata uisafishe vipi haitapona.

Kwenye kuagiza, namba inayotakiwa ni ya injini, siyo ile iliyobandikwa chini ya kiti. Injini za Briggs & Stratton zina namba zilizogongwa kwa mpangilio wa Model, Type na Code. Code ni tarehe ya kutengenezwa: ikianza na 040512, injini ilitoka tarehe 12 Mei 2004. Ila msiidharau Type. Injini mbili za Model moja zinaweza kutumia kabureta tofauti. Kwa Kohler, tafuta namba ya Spec.

———

Mkuu, kwenye namba umemaliza. Mimi naongezea solenoidi, kile kidude kinachoning'inia chini ya bakuli la kabureta. Niliyoletewa ilikuwa pacha wa ile ya zamani, mpaka nilipogeuza na kukuta soketi ya waya haiingiliani na ya kwangu. Muuzaji ananiambia "kata waya uunge, itafanya kazi". Nikairudisha. Kidude hicho kinafungua njia ya mafuta ukiwasha swichi. Kisipopata umeme utapiga stata mpaka betri ilale na injini haitawaka ng'o. Kikigoma kufunga, ukizima unasikia "paa!" kwenye exozi.

———

Naomba niseme kuhusu gasketi maana watu wanazichukulia poa. Nilinunua mashine iliyokwishafungwa kabureta mpya na fundi fulani, na resi inayumba vilevile. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo pale inapoungana na injini, ikiwa bado ya baridi (moto usijaribu, hiyo dawa inawaka). Mlio ukabadilika hapo hapo. Kufungua, nakuta ile plastiki iliyo kati ya kabureta na injini imebaki na vipande vya gasketi ya zamani, na mpya imegeuzwa, kitundu kimoja kimezibwa. Nikakwangua taratibu bila kuchubua plastiki, nikaweka gasketi mbili mpya, kila moja upande wake, nikakaza nati kwa zamu. Kabureta ile ile "mbovu" inakata nyasi hadi leo.

———

Kabla ya kuwasha, chomoeni kijiti cha oili mkinuse! Kama kabureta ya zamani ilikuwa inafurika kwa sababu sindano ya boya (inayozuia mafuta bakuli likijaa) haifungi, petroli huwa inashuka mpaka kwenye oili. Kipimo kimepanda na kinanuka petroli? Mwaga oili yote, weka mpya.

———

Nakazia hapo. Na mbadilishe filta ya mafuta na ule mpira unaoleta mafuta. Mpira wa zamani unamomonyoka kwa ndani, vipande vinaenda kuziba jeti mpya.

———

Swali: vile vyuma vyembamba vya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) vinavyoshika kabureta mnavichomoaje bila kuvikunja?

———

Usivute. Ondoa nati, isogeze kabureta nje kidogo, kisha izungushe kabureta yenyewe mpaka ile ncha iliyopinda itoke kwenye tundu. Kwanza piga picha, tena pembe zaidi ya moja, maana mkono wa gavana una matundu kadhaa na springi ina tundu lake. Ukihamisha springi umeshabadilisha mwendo wa injini. Nyingi za hizi mwisho wake ni kama mizunguko 3,600 kwa dakika, na ikivuka sana hapo unaweza kuvunja konrodi (mkono unaoshika pistoni).

———

Sawa mkuu, kesho naishusha. Kuna aliyefunga kwenye injini ya silinda mbili, ile kabureta yenye koo mbili? Ya kwangu inamisi upande mmoja, na plagi nimeshabadilisha zote.