Ushauri: vanishi gani inafaa usukani wa mbao wa baiskeli? Nakabidhi Jumamosi

fundi_kariobangi · Jumatano, saa 3:14 usiku

Wadau hamjambo. Mimi ni fundi wa mbao, kibanda kiko Kariobangi hapa Nairobi, na kazi yangu ya kila siku ni vitanda na makabati. Mwezi jana mteja alikuja na baiskeli yake na picha kwenye simu, akataka usukani wa mbao wenye ncha zinazomrudia yeye. Nimeukunja kwa mvuke, mbao ni Meru oak niliyoinunua soko la Gikomba. Upana ni sentimita 62. Mikononi nimechonga hadi milimita 22 ili breki ziingie, katikati nimeacha 25.4 kwa sababu ndiyo inayoshikwa na stemu yake, kile chuma kinachoshikilia usukani kwenye baiskeli.

Swali langu ni moja: nipake vanishi gani ambayo haitelezi mkono ukitoka jasho na haibanduki kwa mvua? Nakabidhi Jumamosi asubuhi. Usingizi umenipaa siku mbili hizi, naomba jibu la haraka.

MamaMsasa · saa 3:31 usiku

Pole na kazi fundi. Achana na ile vanishi ya kung'aa ya meza, ikilowa jasho ni sabuni. Pakaa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikauke siku nzima, katikati piga msasa namba 400. Na vile vitambaa vya kupakia usivikunje ukavitupa pembeni. Vinajipasha moto vyenyewe hadi vinawaka. Mimi nilipoteza stuli sita na mlango wa stoo kwa njia hiyo, nyumba ilinusurika kwa sababu jirani alikuwa anaamka kukamua ng'ombe. Vitandaze juani au vitie ndani ya maji.

PedaliKavu · saa 3:40 usiku

Usukani wa mbao, kesho pedali za mawe. Tunarudi kwa akina Flintstone, wale wa katuni ya enzi za mawe 😂

BabaZawadi · saa 3:58 usiku

PedaliKavu usicheke. Baiskeli ya kwanza kabisa, ile ya Karl Drais wa Ujerumani mwaka 1817, ilikuwa ya mbao karibu yote na haikuwa na pedali. Watu walisukuma kwa miguu.

Mimi nimelelewa na Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya mizigo. Mzee wangu alibeba maziwa kutoka Limuru, mitungi miwili nyuma na mmoja mbele, breki zile za vyuma virefu vinavyopita juu ya fremu. Siku moja uma wa mbele ulikatika kwenye mteremko, akatua kwenye shamba la majani chai. Maziwa yote yakamwagika. Alifika nyumbani saa mbili usiku amebeba baiskeli begani, hakusema neno, akaenda kulala. Sikuwahi kumwona baba amenyamaza vile. Basi fundi, fanya kazi nzuri.

RandaYaBabu · saa 4:20 usiku

Fundi, kabla ya vanishi. Meru oak si oak, yaani mwaloni. Ni muhuru, Wameru wanauita muuru, jamaa yake ni mfudu ule wa matunda meusi. Jina la oak ni la biashara tu. Zile video za Wazungu wanaokunja oak kama mkate wa chapati wanatumia mti mwingine kabisa. Muhuru ni mbao nzuri ya kabati, lakini kuukunja kwa mvuke ni kazi nyingine.

Nijibu matatu. Mbao ilikaushwa kwa hewa au kwa tanuri? Uliipika muda gani? Na upande wa nje wa mkunjo uliufunga kwa ukanda wa chuma? Upande wa nje ndio unaovutwa, na mbao ikivutwa haina subira. Thonet, yule fundi wa viti vya mbao za kukunjwa, alipotengeneza kile kiti chake cha mwaka 1859 ujanja wake ulikuwa huo ukanda.

fundi_kariobangi · saa 4:41 usiku

Ahsante Mama Msasa, mafuta ya kitani nimeyasikia. Randa, niliipika saa moja, ilikuwa unene wa inchi moja na nusu kabla ya kuchonga. Nilitumia bomba la bati la moshi, ncha moja imeingia kwenye mfuniko wa sufuria kubwa. Ukanda sikuwa nao. Ilikunja tu. Narudi kwenye swali: mafuta ya kitani yanapatikana duka la rangi la kawaida?

RandaYaBabu · saa 4:55 usiku

Kanuni ni saa moja kwa kila inchi, kwa hiyo hapo ulihitaji moja na nusu kwa uchache. Na kanuni hiyo ni ya watu wanaoishi karibu na bahari. Hapa Nairobi tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, mvuke wako ni wa baridi kuliko wao. Inchi moja na nusu, saa moja, bila ukanda, mbao ya Gikomba. Na unasema ilikunja tu.

Fundi, kinachokukosesha usingizi ni nini? Si vanishi.

PedaliKavu · saa 5:02 usiku

Hapo sasa.

fundi_kariobangi · Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Haya. Ulipasuka kidogo. Upande wa kulia, kama vidole vinne kutoka pale stemu inaposhika. Ufa mwembamba wa nywele, sentimita sita hivi. Niliujaza gundi nyeupe na unga wa mbao ileile, nikaubana usiku kucha, nikapiga msasa. Hauonekani. Ukipitisha ukucha husikii kitu. Sikuusema kwa sababu niliuliza vanishi, sikuuliza ufa.

Mjue pia mteja ni mtu mwepesi, kilo 60 hata hafiki. Amelipa shilingi 4,000 kati ya 6,500 na hela hiyo imeshakwenda kwenye karo. Si kwamba anabeba maziwa. Anaendesha Jumapili tu, na Jumapili hii ni mara moja tu anashuka Mai Mahiu na wenzake, kisha baiskeli inakaa sebuleni.

MamaMsasa · saa 12:48 asubuhi

Mai Mahiu?? Ile barabara ya chini yenye kikanisa cha mateka wa Kiitaliano, na malori yanayonusa mgongo wako? Mwanangu.

BabaZawadi · saa 1:05 asubuhi

Karo ni deni la heshima, hilo nakuelewa, nimesomesha wanne. Lakini hela ya mtu ambaye hajapewa kitu chake bado ni ya kwake. Ungekopa chama, ungekopa kwa shemeji, ungeuza hata randa moja. Vijana wa siku hizi mnakula mbegu.

RandaYaBabu · saa 1:30 asubuhi

Wacha tumalize la ufa kwanza. Gundi iliyojazwa kwenye ufa haiunganishi nyuzi zilizokatika. Inafunika. Na mahali penyewe ni pabaya kuliko pote: mkono unasukuma kwenye ncha, stemu inashikilia katikati, nguvu yote inakutana karibu na stemu, hapo hapo ulipo ufa wako. Kwenye mteremko mtu anategemea mikono, anafunga breki, gurudumu linaingia shimoni. Kilo 60 si kilo 60 tena.

Pangusa hapo kwa spiriti ya kusafishia, ile ya zambarau. Itakauka kila mahali, kwenye ufa itabaki mstari wa maji sekunde chache zaidi. Ukiuona mstari huo mrefu kuliko sentimita zako sita, usiniulize tena.

fundi_kariobangi · saa 2:10 asubuhi

Nimesikia. Lakini hata viti vyangu vina nyufa zilizojazwa na watu wanavikalia miaka. Nafikiria kuzungushia uzi wa ngozi pale kwenye ufa, itapendeza na itashika. Hiyo je?

Shahidi1 · saa 2:26 asubuhi

Jamani hamchoki? Huyu amejiunga jana usiku. Hana picha. Mwanzo ni vanishi, kisha ufa, kisha karo, kisha Mai Mahiu, kila mkimbana anaongeza chumvi. Mwaka jana kulikuwa na mwingine hapa na mbuzi zake za mahari, tukamchangia kumbe mahari yenyewe hakuna. Ngojeni mtaona namba ya kutuma pesa inakuja. Na nani Kariobangi ananunua usukani wa mbao kwa 6,500? Wa chuma ni mia chache.

PedaliKavu · saa 2:31 asubuhi

Kweli lakini. Fundi weka picha.

MamaMsasa · saa 2:39 asubuhi

Hata kama ni hadithi, habari ya vitambaa ni kweli.

MgeniWaKarura · saa 2:50 asubuhi

Mimi nimewahi kuona mtu msitu wa Karura ana usukani wa mianzi, nilimfuata hadi getini kumuuliza bei. Wateja wapo. Ila picha ni muhimu.

fundi_kariobangi · saa 7:15 mchana

Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Simu yangu ni ya vitufe, naandika hapa kwa simu ya mke wangu akitoka kazini, na leo nimeazima kwa jirani.

Niwaambie lililobaki. Ilikuwa jioni ya Jumatatu. Nilishika ncha ya kulia, kijana ninayemfundisha kazi alishika ya kushoto, tunaulaza kwenye fomu, lile umbo la kukunjia. Ukalia *ta*, kama ukuni mkavu. Kijana akaniangalia. Nikamwambia ni fomu iliyolia, aendelee kuvuta. Alivuta. Ana miaka 17, na kila kitu ninachomwambia anakiandika kwenye daftari. Usiku nikajaza ufa yeye ameshaondoka. Asubuhi ameupiga msasa mwenyewe akisema mwalimu umetoka kama kioo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kama Shahidi1 anaona ni hadithi, aje.

Shahidi1 · saa 7:22 mchana

Maneno matamu. Bado hakuna picha.

RandaYaBabu · saa 7:40 mchana

Mimi niko Dandora, si mbali. Kesho mchana nitapita. Nipe jina la duka lililo mkabala kwa ujumbe wa faragha.

RandaYaBabu · Ijumaa, saa 11:05 jioni

Nimefika. Fundi yupo, kibanda kipo, kijana yupo na daftari lake. Picha ninazo lakini mteja hajakubali kazi yake irushwe mtandaoni, kwa hiyo Shahidi1 itabidi uniamini mimi au usiamini mtu.

Kwa macho usukani ni mzuri, ukweli usemwe. Tulipangusa spiriti. Mstari ulibaki sentimita tisa, ukikatisha nyuzi kwa mshazari hadi chini, pale mbao yenyewe ilikuwa na nyuzi zinazotoka ukingoni. Kisha tukabana katikati kwenye jiriwa, tukatundika jerikeni ya maji ya lita 20 kila ncha. Ukashika. Fundi akaniangalia kama aliyesamehewa. Tukaongeza ya pili upande wa kulia, nikaibonyeza kwa kiganja mara ishirini, polepole. Kwenye ya kumi na nne ufa ulifunguka mdomo, na ile gundi nyeupe ikatoka nzima nzima kama ganda la yai. Kijana akaiokota akauliza hii ni nini. Fundi akamwambia. Akamwambia yote, na ya Jumatatu pia. Mimi nilitoka nje kidogo.

MamaMsasa · saa 11:20 jioni

Mungu akubariki fundi. Na mteja?

fundi_kariobangi · saa 2:30 usiku

Nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekata. Kisha akasema Jumapili atashuka na usukani wake wa chuma, na wa mbao bado anautaka, ila nisimpe tarehe tena hadi uwe tayari. Hajadai 4,000. Amesema akija kuuchukua atataka na yeye kuona jerikeni zikitundikwa.

Randa amenishauri niache mvuke, nipange vipande vyembamba. Nyuzi zinyooke kila kipande kutoka ncha hadi ncha. Nimeshapasua vipande 12 vya milimita 2.5, nilitaka kutumia vitatu vinene ili niokoe gundi lakini akanipigia hesabu.

RandaYaBabu · saa 2:44 usiku

Hesabu yenyewe kwa wengine: mkunjo hurudi nyuma kiasi cha moja kugawanya kwa idadi ya vipande mara yenyewe. Vipande 3, moja ya tisa, kwa mkunjo wa sentimita 9 unarudi sentimita nzima. Vipande 12, moja ya 144, hata milimita haifiki. Gundi nyeupe hapana, inalegea juani na inajivuta ikibebeshwa muda mrefu. Epoksi ya kuchanganya, ile ya kukauka polepole, ya dakika tano msiiguse. Fomu ivishwe karatasi ya nailoni isije ikashikana na kazi.

MgeniWaKarura · saa 2:50 usiku

Hapo kwenye stemu weka mkanda mwembamba wa alumini, mbao isisagike bolti zikikazwa.

fundi_kariobangi · saa 3:02 usiku

Nitaweka. Tumeubana jioni hii, klampu 14, nyingine tumeazima kwa jirani wa milango. Kijana ndiye aliyepaka epoksi. Swali la mwisho: huu ni mwezi wa saba, kibandani usiku kunakuwa baridi hadi pumzi inaonekana. Nifungue kesho asubuhi kama ilivyoandikwa kwenye kopo?

RandaYaBabu · saa 3:06 usiku

Usifungue. Kopo limeandikwa kwa nyuzi 25 za joto. Acha hadi Jumapili jioni, funika kwa blanketi, weka taa ya balbu chini ukiwa macho na uizime ukilala. Halafu wiki nzima kabla hujatundika jerikeni.