Call Jane: mbona hadithi kapewa mke wa wakili?

Mpenda Sinema: Nimeimaliza jana usiku na bado roho haijatulia. Ni filamu ya wale wanawake wa Chicago waliosaidia wenzao kutoa mimba kwa siri tangu 1969 hadi 1973, wakitumia jina Jane. Mhusika mkuu kafanywa mke wa wakili. Lakini New York iliporuhusu mwaka 1970, wenye nauli walikwenda huko. Waliobaki kumpigia Jane simu wengi walikuwa weusi, maskini, wa mitaa ya South Side na West Side huko Chicago. Hii ni haki?

Mzee wa Ilala: Haki ipi? Mtu wao wa kutoa mimba hata daktari hakuwa. Wauaji wa vichochoroni hao, mnawapamba.

Mkunga Mstaafu: Shikamoo mzee. Hilo la udaktari limenichoma. Nimezalisha miaka thelathini na mimi si daktari. Walipojua hana cheti, wengine walijitoa, waliobaki wakajifunza kazi wenyewe. Bei ikashuka toka mamia ya dola hadi kama mia, na asiyekuwa nayo alitoa alichonacho. Mimi nimempokea binti saa nane usiku, sare ya shule mwilini, khanga imelowa damu mpaka viatuni. Yule hakuwa na Jane.

Mzee wa Ilala: Marahaba. Sijakutukana, mwanangu. Mkunga huleta uhai, wao waliuondoa. Usijiweke fungu moja nao.

Mkunga Mstaafu: Fungu langu nalijua mwenyewe, mzee wangu.

Dada wa Likoni: Jamani, filamu! Hayo ya wanawake maskini aliyasema wazi Gwen, mhusika aliyechezwa na Wunmi Mosaku. Mimi ningeanzia Mei 1972: saba wamekamatwa, wako ndani ya gari la polisi, wanachana kadi na kutafuna majina ya wateja ili yasisomwe na mtu.

Kijana wa Buza: Si walifungwa wale?

Dada wa Likoni: Hapana. Hukumu ya Roe v. Wade, ya Mahakama Kuu ya Marekani kuruhusu utoaji mimba nchi nzima, ilitoka Januari 1973, mashtaka yakafutwa.

Mzee wa Ilala: Na Juni 2022 mahakama ile ile ikaitengua. Hilo mbona hulisemi?

Mkunga Mstaafu: Mzee, tuache mahakama. Binti yule angegonga kwako usiku ule, ungemfanyaje?

Mzee wa Ilala: Ningemkimbiza hospitali. Mimi nina mabinti.

Mkunga Mstaafu: Ndiko alikoletwa. Alikuwa amechelewa siku tatu, akiogopa kuulizwa nani kamfanyia.