Mtetezi wa mgonjwa alipwe na nani?

Mchangiaji aliyenitangulia anasema kwamba serikali ikianza kuwalipa watetezi wa haki za wagonjwa itakuwa inachota fedha za dawa, na kwamba mtetezi anayelipwa na serikali hatathubutu kuikosoa. Hoja hizo ni nzito, nami nitazijibu kwa yale ninayoyajua ya hapa Tanzania, nikikiri mapema kwamba msimamo wangu ni kuwa walipwe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bure. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu, mwenye miaka 71, katika hospitali moja ya wilaya, nikiwa na barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri. Dirishani tuliambiwa kwamba barua haina picha. Tuliporudi na picha tukaambiwa kwamba afisa ustawi wa jamii yuko semina. Siku ya tatu tukapewa msamaha wa kumwona daktari, lakini si wa vipimo wala dawa. Shangazi, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi na noti alizochangiwa na wanawe akiwa amezifunga kwenye pindo la khanga, aliniambia, "Lipa tu mwanangu, twende zetu." Aliyetuokoa ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama anayejitolea, aliyekuja na nakala ya sera mkononi, akazungumza na mganga mfawidhi kwa adabu, na kabla ya adhuhuri vipimo vikawa vimefanyika. Nauli alijilipia mwenyewe, na hilo linaniuma hadi leo.

Afisa ustawi simlaumu. Ameajiriwa na halmashauri inayotegemea makusanyo ya dirishani kuendesha hospitali yake, na kila msamaha anaoutia saini unayapunguza makusanyo hayo. Tunamtwika mtu mmoja kazi ya kulinda mapato na ya kumtetea asiye na kitu. Kwa hiyo siuoni ushindani kati ya fedha za mtetezi na fedha za dawa, kwa kuwa dawa iliyoko stoo haimsaidii mgonjwa aliyekatishwa tamaa dirishani akarudi nyumbani.

Kuhusu uhuru wa mtetezi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali analipwa na serikali ileile anayoikagua, na ripoti zake huibua hoja kila mwaka, kwa sababu Katiba imemwekea ulinzi asiondolewe kwa matakwa ya mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria; kilichobaki ni fungu litakalopitishwa na Bunge na kusimamiwa nje ya halmashauri na nje ya wizara inayoendesha hospitali. Kutegemea wafadhili kuna hatari yake, na tuliiona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na huduma za VVU katika nchi nyingi zikatikisika ndani ya siku chache.

Nakubaliana na mwenzangu katika jambo moja: mkataba wa mwaka mmoja mmoja utamfanya mtetezi aogope kusema kila bajeti inapokaribia. Napendekeza uwe wa miaka mitano, na mganga mfawidhi asiwe na sauti katika kuuhuisha.