Tupeane uzoefu: Biashara yako iliuawaje na ushindani usio wa haki?

Wakuu, habari za majukumu. Tumechoka kuambiwa biashara ndogo zinakufa kwa kuwa hatujui kutunza hesabu. Wapo wa hivyo, ila wengi tumerudisha fremu daftari likiwa safi kabisa. Naanza mimi.

Nilikuwa nauza mikoba ya kike Kariakoo, nimesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), natoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kila mauzo. Ili mkoba uniachie 25,000 lazima niuuze 29,500, maana asilimia 18 si yangu. Mlango wa pili mkoba uleule, wa kontena lilelile, unatoka kwa 25,000 bila risiti. Mteja utamlaumu? Halafu mwenye mzigo aliyekuwa akituuzia jumla hakutupa risiti ya bei halisi, kwa hiyo hata VAT ya manunuzi sikuweza kujirudishia. Mwisho akafungua duka palepale chini, anauza kipande kimoja kwa bei ya jumla. Mtaji ukakata.

Mdau wa Morogoro
Pole sana mkuu. Mimi ni wa bucha. Jirani alishusha kilo kwa shilingi elfu moja, wateja wote wakahamia kwake. Siku moja mama mmoja akapita na mfuko wa nyama aliyonunua kwa huyo jirani, akaniomba nimpimie. Alilipia kilo moja. Mzani wangu ukasoma gramu 800. Piga hesabu: kwa kilo kamili yule alikuwa ghali kuliko mimi! Mzani wangu Wakala wa Vipimo wanauhakiki kila mwaka na nalipia. Nilipeleka taarifa, ila mpaka wanafika nilishapunguza vijana wawili.

Mama Vitenge
Kwangu ilikuwa barazani. Nimelipa kodi ya pango miezi sita, na vijana wamepanga vitenge mlangoni kwangu. Niliwachukia sana wale machinga, hadi mmoja aliponiambia mzigo si wake: ni wa mwenye duka kubwa mtaa wa nyuma, anawagawia asubuhi wauzie nje, jioni wanamletea hesabu. Kijana analipwa posho, na ndiye anayekimbizana na mgambo.

Mdau wa Morogoro
Hilo la Mama Vitenge lipo hata huku kwetu, kwenye viatu.

Mwanzisha uzi
Mama, uliongea na huyo mwenye duka? Na walio Mwanza na Mbeya leteni ya kwenu, hasa mnaouza vipodozi na vipuri.